Koo la Fundi: Niliyoongea na Mafundi wa Tabora

Shikamooni wazee, vijana habari zenu. Asanteni kwa kuacha randa na chaja zenu mkaja kunisikiliza tukiongea kuhusu kansa ya koo na kazi zetu.

Naanza na wewe fundi betri hapo mbele, hebu angalia shati lako, limejaa vitundu si ndio? Basi asidi iliyotoboa hilo shati ndio hiyohiyo unaivuta, maana betri ikichajiwa inachemka, inatoa ukungu mwembamba, kwa macho huuoni ila kooni unausikia unawasha, na wengi wetu tunachajia ndani ya kibanda mlango umefungwa usiku kucha kwa kuogopa wezi. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lilishasema tangu 1992 kwamba ukungu wa asidi kali wenye asidi ya salfuriki, ndio hiyo ya betri, unasababisha kansa, na panaposhikwa ni kwenye kikoromeo, palepale sauti inapotoka. Kitambaa ulichofunga mdomoni hakizuii kitu hapo. Chajia nje, kwenye kibanda cha wazi chenye wavu.

Nyie mnaobomoa mapaa ya zamani, yale ya asbestosi ya kijivu, asbestosi nayo inaleta kansa ya kikoromeo mbali na mapafu. Msiikate kwa msumeno ikiwa kavu jamani, imwagieni maji kwanza, msiivunjevunje, na nguo za kazi zisiingie nyumbani kwa watoto. Ubaya wake inakaa kimya, miaka 20 hata 40 ndio inajitokeza.

Maseremala, vumbi la mbao kansa yake inashika zaidi puani na kule nyuma ya pua. Tusilifagie likiwa kavu.

Sigara na pombe ndio vinaongoza kwa kansa ya koo, silifichi hilo, na vikikutana pamoja hatari inazidishana.

Baba yangu mdogo alichaji betri miaka mingi na sigara alivuta, kwa hiyo siwezi kusema ni kipi kilimuua. Sauti ilianza kukwaruza, tukasema mafua, tukampa tangawizi na asali miezi na miezi, kumbe angeonwa mapema huenda angepona. Kwa hiyo sauti ikikwaruza ikapita wiki tatu nenda hospitali, omba waangalie kooni kwa kile kipimo chenye kamera, na kabla daktari hajakuandikia dawa ya kikohozi mwambie unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi. Baba mdogo hakuulizwa, na yeye hakusema.