Loki imefungwa, dirisha liko mkononi

Dada: Haya tumerudi, leo madirisha ya alumini yale ya kuslaidi na naanza na kesi yangu mwenyewe. Loki nimebadilisha mara mbili, ile ya ndoano inayokaa katikati, na bado upepo ukivuma dirisha linafunguka lenyewe.

Fundi: Pole dada. Ushawahi kulinyanyua?

Dada: Nilinyanyue liende wapi?

Fundi: Juu. We lishike huku na huku upandishe, hilo hapo nyuma yako.

Dada: Ngoja... limefungwa eh... he! Fundi, limetoka! Yani nimelishika mkononi na loki imefungwa!

Fundi: (anacheka) Ndo linavyoingizwaga hivyo, kwa kunyanyuliwa, juu kwenye reli panaachwa nafasi, sasa kama liliingia hivyo na kutoka linatoka hivyohivyo, mwizi anayeijua kazi hata hahangaiki na loki yako. Hebu geuza uone rola za chini, vile vigurudumu linavyotembelea.

Dada: Moja imelika upande, imekuwa kama yai.

Fundi: Basi paneli, yani hicho kipande kinachoslaidi, imeshuka, ndoano haiingii kwenye tundu lake inagusa ukingo tu. Hata ungefunga loki ya dhahabu. Badilisha rola, afu nyingi zina skrubu ya kupandisha pale pembeni chini, unazungusha kidogokidogo na bisibisi mpaka ndoano inaingia yenyewe. Ile nafasi ya juu ndo uizibe, skrubu mbili tatu kwenye reli ya juu, vichwa vining'inie kiasi cha paneli kupita bila kukwaruza. Zisizoshika kutu tafadhali, chuma cha kawaida kikipata unyevu kinailia alumini.

Dada: Na zile loki za pini?

Fundi: Hizo nazipenda kuliko zote. Paneli zinapopishana unatoboa fremu ya ndani yote, ya nje unaingia kidogo tu usitokeze, pini ikipita hapo zote mbili hazisogei, kwahiyo biti izungushie teipu ujue pa kuishia. Gonga alama kwanza, alumini inateleza, drili ikikimbia ni mchoro wa maisha. Na kaa mbali na raba inayoshika kioo maana kioo kinaingia ndani ya fremu, hukioni lakini kipo.

Dada: Mi mpangaji, sitoboi kitu cha mtu.

Fundi: Chukua loki ya kubana kwenye reli, paneli ikifika hapo inagota. Kaza kwa vidole, ukileta plaizi reli inapinda. Kama una watoto ibane pale dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, upepo unapita mtoto hapiti. Kama ni loki ya funguo, basi funguo ining'inie karibu na dirisha ila mkono wa nje usiifikie, moto hausubiri utafute droo.

Dada: Sawa, nimelirudisha ila sasa ndo halifungi kabisa, linapishana na mwenzie vibaya.

Fundi: Umeliweka reli ya nje hilo, dada. Litoe tena.