Mahali Volti Zinapopotelea: Kutafuta Hitilafu ya Chaji Inayokuja na Kuondoka

Mabibi na mabwana, na ninyi vijana mnaoanza kushika spana mwaka huu,

Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa unaochukiwa na kila fundi umeme wa magari: gari linalogoma kuwaka alfajiri nyumbani kwa mwenyewe, kisha likivutwa hadi gereji linawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, kana kwamba linamsingizia. Magari mengi tunayoletewa yana umri wa miaka 20 na zaidi. Viungo vya nyaya zake vimepata joto na kupoa maelfu ya mara, na hapa kwetu Tanga upepo wa bahari unaingiza chumvi kila penye mwanya. Kiungo cha namna hiyo hakikatiki moja kwa moja, bali hushika na kuachia, kikifuata joto, mtikisiko au unyevu.

Mshtakiwa wa kwanza huwa betri. Ina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa: betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Ukipiga stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, isishuke chini ya volti 9.6 au hivi, na injini ikiwaka, magari mengi ya enzi hizo huonyesha kati ya 13.8 na 14.5 kwenye vichwa vya betri. Vipimo hivyo kila mmoja wenu anavijua. Tatizo ni kwamba vinapimwa gari likiwa limetulia kivulini, boneti iko wazi na upepo unapita, yaani katika hali ambayo hitilafu haipo. Mita haisemi uongo, lakini hujibu swali la dakika ile tu.

Mimi mwenyewe niliingia mtego huo. Mama mmoja aliniletea Toyota Corolla ya mwaka 1998 ambayo, kabla ya kufika kwangu, ilikuwa imeshabadilishiwa betri mbili na altaneta moja ya mtumba, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Taa ya chaji ilikuwa ikiwaka na kuzima barabarani, hasa mchana. Nikapima: volti 14.2. Nikawasha taa kubwa na feni ya ndani: 14.0. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi, kwamba gari halina tatizo. Baada ya siku tatu alirudi akiwa amevutwa kwa kamba, na hakunisalimia.

Sasa niruhusuni nieleze jambo moja la hesabu kabla sijaendelea. Kiungo kilicholegea au kilichoota kutu huongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, kidogo sana, tuseme omu 0.03, ambao mita ya kawaida haiwezi kuuona kwa sababu nyaya za mita yenyewe zina ukinzani unaoupita. Lakini altaneta inapopitisha ampia 50 kwenye kiungo hicho, volti 1.5 hupotelea hapo hapo na kugeuka joto. Altaneta inatoa 14.2, betri inapokea 12.7, na kwa chaji hiyo haitajaa kamwe. Stata ikivuta ampia 150 kupitia kiungo cha namna hiyo, zitapotea volti 4.5, nanyi mtasikia ule mlio wa kak-kak unaomfanya mtu akimbilie kununua betri. Ndiyo maana nasisitiza kwamba waya usipimwe ukiwa umelala. Chukueni waya wenye nyuzi 30 za shaba, mkate 29, kisha mpime mwisho wake bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme: mita itasoma volti 12 kamili, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuilisha mita. Fungeni balbu ya taa kubwa ya wati 55 mwishoni mwa waya huo huo, na ukweli utaonekana.

Kwa hiyo, aliporudi yule mama, sikupima tena betri peke yake. Nilichukua nyaya mbili ndefu, kila moja nikaiwekea fyuzi ya ampia 1 upande wa injini ili isilete shoti ikichubuka. Moja nikaifunga kwenye nati kubwa ya altaneta inakotokea chaji, nyingine kwenye kichwa chanya cha betri, nikazipitisha chini ya boneti hadi ndani, na mita nikampa kijana wangu aishike mapajani. Mita iliyofungwa namna hiyo haisomi volti za gari, inasoma zile zinazopotea njiani tu, na hazipaswi kuzidi 0.3 hivi. Tukashika barabara ya Muheza saa saba mchana, tumewasha taa zote. Kwa muda mrefu ilisoma 0.2, nami nikaanza kuona aibu. Tulipovuka matuta ya Pongwe kijana akasema, “Bosi, tatu.” Taa ya chaji ikachezacheza. Ikarudi 0.2, kisha ikapanda tena, safari hii bila tuta lolote, maana joto lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Tulisimama pembeni bila kuzima injini, nikahamisha waya mmoja kutoka kiungo hadi kiungo. Volti zote tatu zilikuwa zinapotelea kwenye fyuzi kuu ya altaneta, ile ya ampia 100 inayofungwa kwa skrubu ndani ya kisanduku kando ya betri. Skrubu ilikuwa imelegea kwa robo mzunguko, na plastiki chini yake imeiva rangi ya chai. Altaneta haikuwa na kosa. Regyuleta yake, yaani kidhibiti cha volti, ambayo husikiliza hali ya betri kupitia waya mwembamba wa pekee, ilikuwa ikisukuma kupita volti 15 ili kufidia kilichokuwa kinaliwa njiani. Nilibadilisha fyuzi na kikalio chake, kisha tukarudia safari ile ile, saa ile ile, kwa sababu kupona kwa hitilafu ya namna hii hakuthibitishwi kivulini.

Upande wa hasi hupimwa vivyo hivyo, kutoka bodi ya altaneta hadi kichwa hasi cha betri, na huko nusu ya lawama ni ya waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, uliosahauliwa na mtu aliyeshusha gia boksi. Makaa ya altaneta, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, nayo hujificha: yakiisha huruka kwenye matuta, na ukigonga altaneta kwa mpini wa bisibisi chaji inarudi. Ni kipimo kizuri, si tiba.

Kuna desturi moja ambayo ningependa ife: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama altaneta inafanya kazi. Ilitoka enzi za dainamo, mtangulizi wa altaneta. Leo ukiondoa betri ghafla volti zinaweza kuruka hadi makumi, na kompyuta ya injini ni ghali kuliko jibu unalolitafuta.

Ndugu pale nyuma ameuliza kuhusu gari linalochaji vizuri lakini likilala siku mbili haliwaki. Hapo kuna kinachonyonya. Gari lililozimwa halipaswi kuvuta zaidi ya milliampia 50 hivi. Likivuta nusu ampia, kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni limeshamaliza ampia-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Msichomoe fyuzi ovyo, kwani mnaweza kumwamsha au kumlaza mkosaji bila kumjua. Pimeni millivolti kati ya ncha mbili za kila fyuzi ikiwa mahali pake: isiyosoma sifuri inapitisha umeme. Zikisoma sifuri zote, gusa altaneta ya gari lililolala usiku kucha. Ikiwa ya uvuguvugu, diodi zake, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinavujisha. Anzeni na redio na king'ora vilivyofungwa mtaani, halafu taa ya buti, ambayo hakuna anayeiona ikiwaka baada ya kufunga mlango wake. Simu iliyowashwa kamera na kufungiwa humo kwa dakika moja itawaonyesha.