Msilipe kwa Kufuata Kelele

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Tangazo lilisema nitafundisha kubana matumizi ili madeni yalipike. Sehemu hiyo naimaliza sasa hivi. Mtu aliyekwisha kupunguza milo, akaacha dawa za presha katikati, akatembea kwa miguu ili nauli ibaki, haambiwi abane tena. Hakuna kilichobaki cha kubana. Nataka kuisemea ile pesa kidogo aliyo nayo, kwa sababu kila mwezi inatoka na kwenda kwa mdai ambaye hakupaswa kuwa wa kwanza.

Nimelisema hili kila nilipoitwa, na leo nalirudia: msilipe kwa kufuata kelele.

Tazameni ni nani anayepiga kelele. Anayepiga simu mara 15 kwa siku, anayetuma ujumbe alfajiri wa herufi kubwa tupu, HATUA KALI ZITACHUKULIWA LEO, mara nyingi ni yule aliyekukopesha bila dhamana. Hana hati yako, hana chombo chako, hana mdhamini. Kelele ndiyo dhamana yake, na ndiyo maana ameajiri vijana wa kuzipiga. Mwenye nyumba unayopanga hapigi simu mara 15, anaandika notisi. Wa umeme hatukani; anakata. Aliyeshika hati ya pikipiki yako hana haja ya kupaza sauti, kwa sababu siku ikifika anakuja na gari la kuibebea.

Sasa angalieni tunavyofanya. Mshahara unaingia, wa kelele analipwa chote, maana tunataka simu inyamaze. Inanyamaza siku tatu. Kodi ya nyumba inakosa pesa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na yule mpole, ambaye hakusema neno, anatoa notisi. Familia iko nje na magodoro, na mfukoni kuna risiti ya wa kelele, amelipwa vizuri kabisa.

Kila deni liulizwe swali moja: nisipolipa mwezi huu, napoteza nini? Ukipoteza paa, maji, umeme, chombo cha kazi, au ukivunja amri ya mahakama, mfano ya matunzo ya mtoto au faini, deni hilo ni la mbele. Kodi ya serikali nayo ni ya mbele, kwa sababu serikali ina njia fupi za kukamata mali. Ukipoteza usingizi tu, hilo ni la nyuma. Sikusema lisilipwe. Nimesema ni la nyuma.

Najua kuna mzee hapo anataka kunikumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kweli, mzee wangu. Lakini dawa ina kipimo. Ukimeza chupa nzima siku ya kwanza kwa sababu nesi amekufokea, hujapona. Anayelipa deni la nyuma kwa pesa ya kodi ya nyumba hajapunguza deni hata moja. Amelihamisha kutoka kwa mdai mwenye simu kwenda kwa mdai mwenye ufunguo wa mlango.

Na kuna dada anajiuliza: je, wakiwatumia ujumbe ndugu zangu na bosi wangu? Hilo ni la kweli, tulishughulikie. Programu nyingi za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako siku uliyojisajili. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya programu, uifunge ruhusa hiyo. Kufuta programu peke yake hakurudishi majina waliyokwisha kuyachukua, kwa hiyo fanya jambo la pili: waambie mwenyewe watu watano au sita walio muhimu, kabla hawajaambiwa. Sentensi moja inatosha: nina deni, nalishughulikia, ukipata ujumbe usijibu, nitumie picha yake. Ujumbe uliosubiriwa hauna sumu. Na zile picha uzihifadhi pamoja na tarehe, ni ushahidi wa kupeleka kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji.

Haya, tufungue daftari. Karatasi mbili tu. Ya kwanza ni ya nyumba, ya pili ni ya wadai. Nitatumia namba rahisi, kila mtu aweke fedha yake. Tuseme nyumba inaingiza 1,000 kwa mwezi. Kodi 300, chakula 280, maji na umeme 70, nauli 90, shule 60, sabuni na dawa 40. Jumla 840. Zimebaki 160, na hapa ndipo watu wanapokosea mapema: wanakimbilia kuwaahidi wadai 160 yote. Subirini. Kuna gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, sare za shule, matengenezo, leseni. Zikiwa 240 kwa mwaka, gawanya kwa 12, ni 20 kila mwezi. Na tenga 20 nyingine ya dharura. Mtaniambia mwenye madeni hapaswi kuweka akiba. Anapaswa, maana mtoto ataugua, na asiye na 20 za kila mwezi atakopa 100 usiku huohuo, kwa masharti yoyote atakayopewa. Hiyo akiba ndogo ndiyo inayolinda ahadi zenu kwa wadai. Kwa hiyo pesa ya madeni ni 120, siyo 160.

Karatasi ya pili. Malimbikizo ya kodi ya nyumba 300. Mkopo wenye dhamana ya pikipiki, rejesho 50 kwa mwezi. Halafu watatu wasio na dhamana: wa kwanza anadai 1,200, wa pili 600, wa tatu 200, na huyo wa 200 ndiye wa simu 15. Anza na za mbele. Nenda kwa mwenye nyumba ukiwa na karatasi mkononi: kodi ya kila mwezi nalipa kamili, na juu yake naongeza 30 kwa miezi 10. Pikipiki 50. Zimebaki 40 kwa wale watatu wanaodai jumla ya 2,000. Kila mmoja apate kwa uzito wa deni lake. Wa 1,200 ana asilimia 60, apewe 24. Wa 600 ana asilimia 30, apewe 12. Wa 200 apewe 4.

Mmecheka. Cheka, lakini mwelewe ni kwa nini 4 ina nguvu kuliko ahadi ya 100. Ahadi ya 100 itavunjika mwezi wa pili, na mdai atakuandika kuwa umevunja makubaliano mara mbili, utakaporudi kuomba tena hakusikilizi. Nne inayofika tarehe 5 ya kila mwezi, na karatasi inayoonyesha kwamba wadai wote wamepimwa kwa mizani moja, hata hakimu ataisoma na kuelewa. Mdai anachukia zaidi kusikia mwenzake amepewa nafasi ya upendeleo kuliko anavyochukia kiasi kidogo. Mwonyeshe hesabu nzima.

Sasa sikilizeni kwa makini. Wa 1,200 akiwa anatoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba peke yake ni 36. Wewe unalipa 24. Deni linakua kwa 12 kila mwezi huku ukilipa kwa uaminifu! Ndiyo maana watu husema nimelipa mwaka mzima na deni halijasogea. Halikusogea kwa sababu wakopeshaji wengi huigawa pesa yako kwa mpangilio wao: kwanza faini za kuchelewa, kisha riba, na msingi wa deni unapata makombo, kama yapo. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa mdai lisiwe kupunguziwa rejesho. Liwe kusimamisha riba na faini. Riba ikisimama, 24 kwa mwezi inamaliza 1,200 kwa miezi 50. Ni mirefu, najua, lakini ina mwisho. Riba isiposimama, hakuna mwisho.

Barua yenyewe ni fupi. Jina, namba ya mkopo, tarehe. Mapato yangu ni haya, matumizi ya lazima ni haya, wadai wengine ni hawa. Naomba taarifa kamili ya deni inayotenganisha msingi, riba na faini. Naomba riba na faini zisimame kuanzia tarehe fulani. Nitalipa kiasi hiki kila tarehe hii, na tutapitia upya baada ya miezi 6. Naomba jibu kwa maandishi. Basi. Usiandike habari za msiba wa mjomba, usiape, usitukane. Baki na nakala. Wakikupigia kujibu, waambie kwa adabu: niandikie. Na wakikataa? Endelea kulipa kile ulichoahidi, kwa kumbukumbu iliyoandikwa ni kwa deni lipi, na uandike tena baada ya mwezi. Anayekataa mara ya kwanza mara nyingi anapima kama utaogopa.

Wanaweza pia kukujibu kwa mkataba mpya, tunakupangia upya kwa asilimia 2 tu kwa mwezi. Uliza: asilimia 2 ya nini? Kwenye 1,200 za miezi 12, ikipigwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, riba ni 288. Ikipigwa juu ya salio linalopungua kwa 100 kila mwezi, ni 156. Maneno ni yaleyale, asilimia 2. Pesa ni karibu mara mbili.

Muda unanikimbia. Kukopa ili kulipa: 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwezi, ukiilipa kwa mkopo mpya kila mwezi pamoja na riba yake, baada ya miezi 12 unadaiwa 535. Hiyo ndiyo kausha damu, mikopo ya riba kali, na nyumba ambayo 120 zake za madeni zimekwisha kugawanywa zote haina pesa ya kuilipa. Sina la kuongeza hapo.

Akaunti ya mshahara: kama benki inayokudai ndiyo inayopokea mshahara wako, inaweza kuwa na haki ya kujikatia. Fungua akaunti kwingine, mshahara uhamie huko, kisha ulipe kwa mpango wako. Kama una mdhamini, mwendee leo, kwa sababu ukinyamaza watamfuata yeye, na atasikia kwa watu. Deni la zamani sana ambalo hakuna aliyelidai kwa miaka, usilipie hata senti wala kuandika kwamba unalikubali kabla ya kumuuliza mwanasheria. Katika nchi nyingi kuna ukomo wa kudai mahakamani, na malipo madogo yanaweza kuuanzisha upya. Anayekuomba ada mbele ili akufutie madeni, mpite.

Jela. Nimeona mkono. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kushindwa ni kitu kimoja. Kuficha mali, kutoa hundi isiyo na pesa, au kupuuza wito wa mahakama ni vitu vingine kabisa, na hivyo vinaweza kufunga watu. Barua ya mkopeshaji inaweza kuandikwa kwa wino mwekundu na picha ya mizani ya haki, bado ni barua ya mkopeshaji. Hati ya mahakama ina namba ya kesi, ina muhuri, ina tarehe ya kujibu. Hiyo ukiiacha kwenye droo, hukumu inatolewa bila wewe, na ile nafasi ya kumwomba hakimu akupangie malipo kwa karatasi zako mbili inapotea.

Nilikuwa na sehemu ya deni lipi limalizwe kwanza ziada ikiongezeka, dogo au la riba kubwa. La riba kubwa. Nimeishia hapo, wenye ukumbi wananionyesha saa.

Waliokuja na karatasi zenye muhuri wa mahakama msiondoke. Vuteni viti huku mbele, na mwenye tarehe ya karibu zaidi aanze.