Mama kwa treni, mimi kwa miguu: siku yetu kileleni Yr Wyddfa

BARAKA: Hamjambo mnaotusikiliza, mlio nyumbani na mlio njiani. Niko na dada Zuhura kama kawaida. Dada, kuna picha ulinitumia juzi imenikaa kichwani. Mama amejifunga leso juu ya koti zito, na nyuma yake ni ukungu mtupu. Pale ni wapi?

ZUHURA: Kileleni, kaka Baraka. Ule ndio mlima mrefu kuliko yote Wales, mita 1,085. Kwa Kiingereza wanauita Snowdon, lakini wenyewe ni Yr Wyddfa. Na tangu 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa iliamua kulitanguliza jina la wenyewe.

BARAKA: Litamke polepole.

ZUHURA: Zile d mbili ni dh yetu, dh ya dhahabu. Ile f ni v. "Ar Widhva." Kinachotushinda ni jina la mji wa chini, Llanberis. Zile l mbili unaweka ulimi kama wa kusema "la", kisha unapuliza hewa pembeni. Mama alijaribu njia nzima.

BARAKA: Na lina maana gani, Yr Wyddfa?

ZUHURA: Kaburi, lile la kurundikiwa mawe. Wanasimulia kwamba pale juu limezikwa jitu liitwalo Rhita Gawr. Lilikuwa likiwakata wafalme ndevu na kujishonea joho kwa ndevu hizo, mpaka Mfalme Arthur akaliua.

BARAKA: Mimi mtu wa Moshi, mita elfu moja naweza kuziita kilima, nisamehe. Lakini mama ana magoti mabovu. Alifikaje?

ZUHURA: Kwa treni. Na hakwenda kwa sababu ya mlima hata kidogo, alikwenda kwa sababu ya kichwa cha treni. Babu yangu alifanya kazi kwenye injini za mvuke pale Mombasa, na mama alikulia kwenye nyumba za reli. Aliposikia kuna mahali treni ya makaa ya mawe bado inapanda mlima, basi, kila akipiga simu ni hiyo hiyo.

BARAKA: Reli ya zamani?

ZUHURA: Ilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1896. Mwaka huo huo ndio ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa ulianza. Njia ina kilomita 7 na nusu tu, lakini kuna mahali kila mita 5 na nusu unazokwenda mbele, unapanda mita moja. Gurudumu la kawaida hapo lingeteleza tu.

BARAKA: Sasa inapandaje?

ZUHURA: Katikati ya reli mbili za kawaida kuna vyuma viwili vyenye meno, vimelazwa sambamba. Meno ya kimoja hayalingani na ya mwenzake, yamepishana. Chini ya injini kuna magurudumu ya meno yanayouma pale, kwa hiyo wakati wote kuna jino lililoshika. Ni ubunifu wa Mswisi, Roman Abt, na injini zenyewe zilitengenezwa Winterthur, huko huko Uswisi. Tuliiona moja inaitwa Enid, ya mwaka 1895, bado inafanya kazi. Mama alisimama mbele yake akaniuliza, "Mbona tangi lake limeinama?" Mimi nilikuwa sijaona. Kumbe lile tangi la kuchemshia maji limeinamishwa makusudi mbele, ili injini ikiwa mlimani, maji ndani yake yakae sawa.

BARAKA: Mama kaliona hilo kwa jicho tu!

ZUHURA: Mtoto wa reli. Akaona na jingine. Treni ikipanda, injini iko nyuma, inasukuma behewa, lakini haijafungwa nalo. Akauliza kwa nini. Jibu lake ni zito kidogo.

BARAKA: Lete.

ZUHURA: Siku ile ile ya kufunguliwa, treni ya kwanza ilikuwa inashuka. Karibu na Clogwyn, kituo cha njiani, injini namba 1 ikatoka kwenye meno, ikaanza kwenda mbio. Dereva na mwenzake wakaruka. Injini ikaporomoka gengeni. Mabehewa, kwa kuwa hayakufungwa nayo, yalibaki nyuma na breki zikayasimamisha. Lakini abiria mmoja, Ellis Roberts, mtu wa hapo hapo Llanberis, alikuwa ameruka kwa hofu. Akaumia vibaya, akafariki.

BARAKA: Inna lillahi. Angebaki ameketi...

ZUHURA: Angebaki ameketi angeshuka salama. Reli ilifungwa karibu mwaka mzima. Ilipofunguliwa tena mwaka 1897, walikuwa wameongeza vyuma kandokando ya meno, na injini ina vishikio chini yake vinavyokumbatia vyuma hivyo, isiweze kunyanyuka. Na hawakuipa injini nyingine namba 1 tena. Zinaanzia mbili.

BARAKA: Sasa wewe hukupanda treni na mama?

ZUHURA: Yeye alikuwa na dada yangu. Mimi nilitaka kutembea. Njia ya Llanberis inafuatana na reli karibu yote, kwenda na kurudi ni kama kilomita 14 na nusu. Nilianza alfajiri, kondoo bado wamelala katikati ya njia. Ng'ambo ya ziwa unaona mlima uliokatwa ngazi ngazi kama mashamba ya matuta, lakini ni mawe ya kuezekea nyumba. Machimbo ya Dinorwic. Yalifungwa 1969. Ukitazama paa za miji mingi ya Uingereza, umetazama milima ya pale.

BARAKA: Ugumu uko wapi?

ZUHURA: Baada ya Clogwyn. Njia inapita chini ya reli, na ghafla kushoto bonde lote liko wazi, upepo unakupiga kifuani. Kiangazi ni kuhema tu. Wakati wa theluji usithubutu bila vifaa na ujuzi, mteremko ule unaganda barafu, mtu akiteleza hana pa kushika. Hapo ndipo nilipoisikia treni kabla ya kuiona. Pumzi nzito, taratibu, kama ng'ombe anayepanda kilima. Kasi yake kama kilomita 8 kwa saa. Nikaona leso dirishani, inapepea. Mama ananipungia, na mimi nalia barabarani kama mtoto.

BARAKA: Dada, nikuambie ukweli. Mimi naamini mlima ni wa miguu. Unahema saa tatu, ukifika unakuta watu wameshuka kwenye behewa wanapanga foleni ya picha.

ZUHURA: Foleni ilikuwepo, ndefu, mpaka kwenye nguzo ya juu kabisa. Inachosha, sikatai. Lakini kaka, mama ana miaka 74. Kwa hoja yako, angebaki kwenye maegesho akinisubiri.

BARAKA: Hapo sina jibu.

ZUHURA: Treni inakaa juu nusu saa tu. Nilifika zimebaki dakika kumi, nimelowa. Nikamkuta nje ya Hafod Eryri, lile jengo la kileleni la mwaka 2009, amekataa kuingia ndani. Haoni kitu, ukungu mweupe pande zote. Nikamwambia pole mama, siku yenye anga safi watu wanaiona hadi Ireland. Akasema, "Ireland ina nini? Njoo unuse." Akanipa pembe ya leso. Moshi wa makaa na grisi.

BARAKA: Harufu ya babu.

ZUHURA: Sikumwona babu mimi, alifariki sijazaliwa. Nikanusa kwa muda mrefu. Kisha kengele ikalia, akapanda, nikashuka kwa miguu. Na ile leso hadi leo hajaifua.