Jela Hakuna Siku Inayohesabiwa Mara Mbili

Wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo? Mwenyekiti amenitambulisha kama afande mstaafu, na nimeona wawili watatu huko nyuma wamekaa vizuri ghafla. Tulieni, sina pingu.

Nimetumikia magereza miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikushika bunduki, nilishika kalamu. Nilikuwa mapokezi. Karandinga likiingia jioni kutoka mahakamani, mimi ndiye niliyepokea hati za kifungo na kuwaandika watu daftarini. Mmeniita mnataka kujua kama miaka inayotajwa mahakamani ndiyo inayoliwa gerezani. Basi nitawajibu kama mtu wa daftari. Mambo ya kisheria yenye mapembe waulizeni mawakili.

Kwanza niondoe uongo mmoja. Mtaani kila mtu "anajua" kwamba jela siku moja ni mbili: mchana una hesabu yake na usiku una yake. Nimeulizwa jambo hili harusini, nimeulizwa kwenye daladala, mpaka msibani nimeulizwa. Si kweli. Siku ya mfungwa ina saa ishirini na nne kama yako wewe. Ila watu walimwona jirani kafungwa miaka sita, na mwaka wa tano wakamkuta kibarazani anacheza bao. Wakatafuta sababu, wakaja na hiyo ya usiku na mchana.

Sababu yenyewe iko kwenye Sheria ya Magereza ya 1967, kifungu cha 49. Mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupunguziwa theluthi moja kwa kufanya kazi na kuwa na tabia njema. Mkisikia "tabia njema" mnadhani huko mbele kuna kikao cha wakubwa kinachokaa kumjadili mtu. Hapana. Theluthi nilikuwa naikata siku ileile anayoingia, kabla hata hajazoea ile sare ya karanga.

Chukulia mtu amehukumiwa miaka tisa, tarehe 10 Machi 2015. Naandika tarehe mbili. Ya mwisho ni 9 Machi 2024, akimaliza yote. Ya mwanzo ni 9 Machi 2021, theluthi ikiwa imetoka. Ile ya mwanzo ndiyo atakayoikariri mpaka aiote. Akikutwa na bangi au simu, akapigana, akakataa kazi, anashtakiwa humo ndani na anaweza kunyang'anywa siku, na tarehe inasogea. Kwa hiyo msamaha ule mtu anaingia nao mfukoni, kazi yake ni kuulinda usidondoke. Nimeona jitu la miraba minne likilia kwa sababu ya siku kumi na nne.

Sasa magazeti. "Jela miaka 90 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha!" Watu wanashangilia. Hati inanifikia mezani: makosa matatu, kila moja miaka thelathini, adhabu zote zitumikiwe kwa pamoja. Thelathini ni adhabu ya chini ya kosa hilo, hakimu hana pa kushukia. Na maana ya kwa pamoja ni kwamba zote tatu zinaanza kutembea siku moja. Basi: tisini ya gazetini, thelathini ya hakimu, ishirini ya kalamu yangu. Ishirini nayo si mchezo, jamani. Anayeingia na mtoto wa kunyonya nyumbani, akitoka mtoto huyo huenda naye ana mtoto.

Zile habari za "faini au jela miezi sita" sizisemei sana. Ndugu wakichanga, mtu yuko nyumbani kabla ya magharibi.

Kuna wanaopungukiwa zaidi ya theluthi. Bodi za Parole, zinazomruhusu mfungwa amalizie kifungo nje kwa masharti, zipo kwa sheria ya 1994, ila milango yake ni myembamba: mwenye kifungo cha maisha hapiti, wa unyang'anyi wa kutumia silaha hapiti. Halafu kuna Ibara ya 45 ya Katiba, msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aligusa wafungwa 8,157. Mtaani ikasikika kwamba wote wako nje. Waliotoka siku ile walikuwa 1,828, wengine walipunguziwa. Matangazo haya yana sentensi ambayo wengi huiruka: punguzo la robo ya adhabu huja baada ya ile theluthi ya kawaida. Yule wetu wa miaka tisa, ukitoa theluthi na robo, anabaki na pungufu ya ile miaka sita. Nikiwa nje ya sare ningewaelewa walioibiwa wakikasirika. Walipokuwa mahakamani hakuna aliyewafanyia hesabu hii.

Kifungo cha maisha hakina theluthi. Theluthi ya maisha ni ngapi? Daftarini sehemu ya tarehe ya kutoka haina kitu. Lakini hata maisha huweza kukatika: mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya wenu, na mwanawe Papii Kocha walihukumiwa maisha mwaka 2004, na ni msamaha uleule wa 2017 uliowatoa. Miaka kumi na tatu na ushee. Asingetajwa, mtu wa namna hiyo angetolewa amebebwa.

Nisisahau, maana wazee hapa mbele wanakumbuka. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 iliweka viboko ishirini na vinne kwa baadhi ya makosa: kumi na viwili mtu akiingia, kumi na viwili akitoka, akamwonyeshe mkewe, kama Mwalimu alivyopenda kusimulia. Wakati huo hata tarehe ya kutoka ilikuwa na maumivu yake.

Sasa kuna kundi ambalo kwao kifungo ni kirefu kuliko kinavyosikika. Mahabusu. Kesi ya mauaji haina dhamana, ya unyang'anyi wa kutumia silaha haina dhamana. Mtu anakaa mwaka, miwili, minne, upelelezi haujakamilika. Anapelekwa mahakamani, anarudishwa, kesi imeahirishwa. Wenzetu Kenya kifungu cha 333(2) cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinataka muda huo uhesabiwe kwenye kifungo. Huku wakili husimama akaomba hakimu auzingatie, pamoja na yale ya kila siku ya mke, watoto na mama mzee. Mimi nilianza kuhesabu tarehe ya hukumu, kama hati ilivyosema. Na wakimwachia huru baada ya miaka minne, nitamkatia theluthi ya nini?

Jumamosi walikuja akina mama na vikapu. Mama wa mfungwa akiniuliza, "Baba, mwanangu anatoka lini?" nilifungua daftari nikamsomea tarehe, naye anaihesabu kwa vidole, anaondoka ameshika kitu. Mama wa mahabusu naye akauliza hivyohivyo. Huyo nilimwambia kesi ya mwanawe imepangiwa kutajwa tena baada ya wiki mbili.