Nyumba ya Shamba: Udongo, Mikoko na Hati ya Ardhi

Assalamu aleikum wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mliokuja na madaftari.

Mombasa zikitajwa nyumba za kale, vidole vyote huelekea Mji wa Kale: milango ya nakshi, roshani, na ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Leo tuvuke maji. Twende Kisauni, Likoni, Mtongwe, Changamwe na Jomvu, bara ambako watu wa kisiwani walikuwa na mashamba yao ya minazi na miembe. Huko kuna nyumba za udongo na makuti ambazo watu huzipita wakisema, hii ni ya maskini. Mimi sikubali. Ule udongo una sababu zake, na mojawapo tutaikuta kwenye makaratasi ya serikali.

Lakini kwanza fundi. Fundi huanza na miti ya mikoko, nayo ina madaraja yake sokoni: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito ina unene wa sentimita mbili tatu. Boriti hufika 11 hadi 13. Ni miti mizito yenye tanini nyingi, ndiyo maana mchwa huichelewa. Majahazi yaliipeleka Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Sasa shikeni hili, maana ndilo linalowapotosha wanafunzi wengi wa ujenzi. Katika nyumba hii ukuta haubebi paa. Nguzo huchimbiwa kwanza, juu yake hupita miamba, yaani miti ya kulala, halafu makombamoyo, ile miti ya paa, halafu makuti. Nyumba huwa na kivuli kabla ya kuwa na ukuta, na mafundi humalizia kazi wakiwa kivulini. Hapo ndipo fito hufungwa kwa kamba, ndani na nje ya nguzo, na ile nafasi ya katikati hujazwa udongo na mawe ya matumbawe. Watu hukandika, kisha hutomea vijiwe udongo ungali mbichi. Mwenye uwezo hupiga na lipu ya chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Mvua ikimomonyoa ukuta, paa halina habari. Unakandika tena, basi.

Makuti nayo hayafiki mbali. Baada ya miaka michache huezekwa upya. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa ya babu wa babu yako na isiwe na kuti hata moja alilolijua babu huyo. Ukiniuliza umri wake, sitatazama paa wala udongo. Nitatazama ramani yake: baraza mbele, mlango, ukumbi ulionyooka hadi nyuma, vyumba kulia na kushoto, kisha uani. Hiyo haibadiliki kirahisi, kwa sababu imeshika adabu za watu. Mgeni wa kiume huishia barazani au ukumbini. Uani ni kwa wenyewe. Huko ndiko kuliko na jiko, choo, na kisima kama kipo. Jiko kuwekwa mbali na paa kubwa si kwa ajili ya moshi peke yake. Cheche moja kwenye makuti makavu wakati wa kaskazi, na mtaa mzima umelala nje.

Turudi kwenye makaratasi. Kwa nini familia iishi mahali vizazi vitatu na isijenge kwa mawe? Mawe yapo, matumbawe yamo chini ya miguu yao. Wamisionari Krapf na Rebmann walijenga nyumba Rabai, kituo kilichoanzishwa 1846, na zimesimama hadi leo.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria. Wengi waliokuwa watumwa walibaki mashambani wakilima mihogo na mahindi. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye dai ukanda wa pwani alilete, na kisichodaiwa kikawa cha serikali ya Kiingereza. Waliokuwa na minazi, mashahidi na wakili walipata hati. Mkulima aliyekuwa akiishi pale kwa ruhusa hakuwa na kitu cha kuonyesha mahakamani.

Tangu hapo mwenye shamba akawa macho. Panda mihogo, ni sawa. Ukipanda mnazi unadai ardhi. Jenga kwa udongo, ni sawa. Ukijenga kwa mawe unadai ardhi. Ndipo ukawepo utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi, ambao ninyi nyote mnaujua: nyumba ni yako, waweza kuiuza na kuirithisha, lakini kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Mitaa ya Majengo na Kisauni imejaa nyumba za namna hiyo. Ramani ni ile ile ya shambani, vyumba tu vimegeuka vya kupangisha.

Nimeona mikono mitatu imeinuka tangu nilipotaja makuti, na najua mnataka kuuliza habari za mabati. Bati hudumu na haliogopi cheche, ila chini yake saa nane mchana hakukaliki, hasa pale fundi anapoziba ule upenyo kati ya ukuta na paa uliokuwa ukitoa joto. Mzee wa mbele, anza wewe.