Nairobi hadi New York: Kilomita Ngapi, Saa Ngapi Angani?

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, karibuni. Wengi wenu mnaojiandaa kuwasafirisha wazazi kuja huku Marekani mmeniuliza safari ni ya umbali gani na inachukua saa ngapi, na majibu mnayopewa mitaani yanapishana mno kwa sababu kila mtu anapima kitu chake.

Tuchukue uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy, ambao Kenya Airways ilianza kuuendea moja kwa moja mnamo Oktoba 2018. Msitumie rula kwenye ramani ya ukutani, kwani ramani hiyo imenyoosha kitu kilicho mviringo. Chukueni tufe la dunia kama lile la darasani, mvute uzi kati ya miji hiyo miwili mpaka ukaze, nanyi mtaona unapanda kuelekea kaskazini-magharibi, unapita juu ya Chad na Algeria, unaiacha Afrika huko Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Mstari wa rula ungetokea Mauritania, nao ni mrefu zaidi kwa kilomita zinazozidi 300. Uzi huo unachukua takriban digrii 106.4 za mzingo wa dunia; kila digrii ina maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo tunapata zaidi kidogo ya kilomita 11,800.

Ukigawanya kwa kilomita 900 kwa saa, ambao ndio mwendo wa Boeing 787 ikishatulia angani, utapata saa 13 na dakika chache. Usimwahidi mzazi muda huo. Ndege inayokwenda magharibi hukutana na pepo kali za juu zinazovuma kutoka huko inakoelekea, na upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiipiga usoni, mwendo wake juu ya ardhi hubaki 800. Jumlisha kupaa, kushuka na kuzunguka anga zilizofungwa kwa sababu ya vita, safari hufika saa 14 au 15.

Tiketi nayo huandika saa za kila mji kwa majira yake. Tuseme mama ameondoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa moja asubuhi: kwa kutazama tiketi ni saa nane tu. Lakini New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi cha huku Marekani, na saa nane kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Machi, kwa hiyo mama huyo wa kiangazi amekaa kitini saa 15.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa mnaomsafirisha mzee mwenye kisukari. Dozi ya insulini hufuata saa zilizopita mwilini, wala haijui tiketi imeandika nini. Kabla ya safari, mpelekeni kwa daktari wake mkiwa na karatasi yenye jumla halisi ya saa, pamoja na za kusubiri kama anapitia Doha au Amsterdam. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, na kila dozi iandikwe kwa majira ya Nairobi, ili saa yake ya mkononi asiiguse mpaka atue.